Shangazi, kichwa changu kinanishauri nirudie pombe

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mvuvi wa dagaa, umri wangu miaka 41. Nyumbani ni Igombe hapa Mwanza, ila kambi yetu iko visiwani upande wa Ukerewe. Nina mke na watoto wanne. Naomba jina langu lisitoke, maana pale mwaloni Kirumba tunajuana wote.

Nimekunywa tangu ujana. Nilianza na viroba, enzi zile vinauzwa mpaka kwenye genge la nyanya, na vilipopigwa marufuku mwaka 2017 nikahamia gongo nikiwa kambini na bia nikiwa mjini. Mwishoni nilikuwa siwezi kushika wavu asubuhi bila kuzimua kwanza, mikono inatetemeka. Januari mwaka huu ziwa lilichafuka, boti ya bidhaa haikuja, pombe ikaisha kambini. Siku ya pili nikaanguka, nikatupa mikono na miguu, povu mdomoni. Wenzangu wakasema ni majini. Nikapelekwa hospitali, nikalazwa, na tangu nitoke sikugusa tena pombe mpaka mwezi wa sita.

Mwezi wa sita tulifiwa na mjomba, Magu. Usiku wa matanga shemeji akanipa bia moja, akasema leo ni msiba, hakuna wa kukulaumu. Nikanywa. Nilipoimaliza nikajisemea: umeshaharibu, miezi yote hiyo imekwenda bure, sasa unajizuia kwa faida ya nani? Shangazi, nilikunywa siku nne. Na nilikuwa nimekabidhiwa sehemu ya rambirambi, nikaila. Mke wangu aliirudisha kimyakimya kwa kuuza vitenge vyake ambavyo hata havijashonwa.

Tangu hapo sijanywa. Lakini kichwa changu hakinyamazi. Juzi nilikuwa nashona nyavu nikajikuta nawaza kwamba yule mlevi alikuwa mtu mwingine, mimi wa sasa naweza kunywa mbili nikalala. Nikiwa nyumbani, mke wangu akinisogelea kuniambia jambo najua ananinusa, hataniamini tena maisha yake yote. Vijana wa kambini wananiita mlokole. Halafu kuna mchuuzi nina deni langu kwake, jioni hukaa kwenye grosari moja karibu na mwalo. Nimekwenda kumdai pale, nakunywa soda tu, sijawahi kuonja. Mke wangu ananigombeza kwa hilo na naona ananionea, deni ni deni.

Kinachonitisha zaidi ni mbalamwezi inayokuja. Wewe ni mtu wa huku, unajua mwezi ukiwaka dagaa hawaijii taa, tunakaa tu kambini siku nyingi, mgao umeshatoka, kazi hakuna. Giza hili tumepata vizuri. Nawaza kwamba mtu aliyekesha ziwani namna hii anastahili japo moja ya kujipongeza.

Mchungaji ananiambia ni shetani, nimkemee. Nakemea, yanarudi. Je, mtu aliyeacha pombe kweli huwaza hivi, au mimi sijaacha, najidanganya? Na la pili: Desemba ni sendofu ya binti yangu mkubwa. Naweza kushika ile bia isiyo na kilevi, ili watu wasiniulizeulize?

Mvuvi, Igombe

Marahaba mwanangu, na mwangaluka.

Nianze na hilo linalokukosesha usingizi. Ndiyo, aliyeacha pombe huwaza hivyo, na huwaza sana. Ubongo wako umefundishwa kwa zaidi ya miaka ishirini kwamba uchovu, furaha, msiba na pesa mfukoni, vyote vinajibiwa na kitu kimoja. Somo la namna hiyo halifutiki kwa miezi michache. Ukisikia harufu ya kilabu, au kizibo kikipasuka meza ya jirani, ubongo unaanza kudai kabla hata hujajua kwamba umesikia. Mawazo yale yana chanzo chake, na hayathibitishi kwamba unajidanganya. Kujidanganya ni jambo jingine, nalo limo kwenye barua yako, tutalifikia.

Nimefanya uuguzi wodi ya akili miaka mingi kabla ya kustaafu na kuanza kujibu barua zenu. Katika wote waliorudi wodini baada ya kuacha, sikumbuki hata mmoja aliyesema, "Niliamua kuwa mlevi tena." Kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu zenyewe ukizisikiliza zina akili. Mmoja alinyeshewa, mwingine alipata mgeni, mwingine alitaka kuonyesha kwamba hadharau wenzake. Wewe na karabai zako unalijua hili kuliko mimi: dagaa hakimbizwi, anawashiwa taa, anakuja mwenyewe akidhani ni hiari yake. Hamu ya pombe nayo haikuburuti mpaka grosari. Inakuwashia hoja, unaifuata kwa miguu yako.

Daktari mmoja Mmarekani, Aaron Beck, aliyefanya kazi Philadelphia, aliligundua jambo hili miaka ya 1960 kwa wagonjwa wa sonona. Aliona kwamba kuna mawazo yanapita kichwani upesi mno, mgonjwa hayaoni kuwa ni mawazo, anayapokea kama taarifa ya habari. "Mimi sifai." "Kesho itakuwa vilevile." Akaanza kuwafundisha wayakamate, wayatazame, wayaulize ushahidi. Baadaye yeye na wenzake wakaitumia njia hiyohiyo kwa watu wa pombe na dawa za kulevya. Nami nimeifanya hivyo barua yako. Nimechukua kalamu nyekundu nikapiga mstari chini ya kila mahali ulipoandika wazo kama vile ni habari iliyothibitishwa. Karatasi imekuwa nyekundu kwelikweli.

Mstari mzito kuliko yote uko Magu, pale uliposema "umeshaharibu". Tukae hapo kidogo.

Usiku ule kulitokea mambo mawili, na wewe umeyaandika kama moja. La kwanza, shemeji alikupa bia ukanywa. Hilo ni kosa, na mimi simwachii shemeji wala wewe. La pili ni ile sentensi. Bia ya kwanza ulipewa na shemeji, lakini zilizofuata, siku zote nne, pamoja na ile rambirambi, ulipewa na sentensi yako mwenyewe. Mwanasaikolojia wa Seattle, Alan Marlatt, aliyewafuatilia kwa miaka mingi watu wanaorudia pombe, aliandika mwaka 1985 kwamba kuteleza mara moja na kurudi kwenye ulevi ni vitu viwili tofauti, na kinachomtoa mtu kwenye kimoja kumpeleka kwenye kingine mara nyingi ni jinsi anavyojihukumu baada ya ule mnywo wa kwanza. Anayesema "nimeteleza, niondoke hapa" huondoka. Anayesema "basi tena, mimi ndivyo nilivyo" hubaki, kwa sababu akishajiona amepotea, aibu inamuumiza, na dawa ya aibu anayoijua ni ileile.

Hebu ifanyie hesabu sentensi hiyo, wewe ni mtu wa hesabu za ndoo. Tangu Januari mpaka mwezi wa sita ulikesha ziwani ukiwa mzima, ulilala nyumbani ukiwa mzima, watoto walikula. Chupa moja ya saa nne usiku ingezifutaje siku hizo? Ingezifuta ungekuwa unajenga ukuta mmoja unaoanguka wote ukitoboka tundu, na wewe hukuwa unajenga ukuta. Ulikuwa unaishi. Zile siku zipo, hakuna anayeweza kukunyang'anya. Siku ukiteleza tena, na ninaomba isitokee, neno la kutafuta haraka ni "hapahapa". Inaishia hapahapa, naondoka sasa hivi, nampigia mtu simu.

Niingize hapa jambo la hospitali, maana ni la hatari na sitaki lipotee katikati ya maneno. Ulipoanguka kambini hayakuwa majini. Pombe inaupoza ubongo, na ubongo wa mnywaji wa kila siku hujizoesha kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili kushindana na ule ubaridi. Ukiikata ghafla, ubongo unabaki umekanyaga moto bila breki. Kutetemeka, jasho, halafu degedege, mara nyingi kati ya saa 6 na saa 48 tangu mnywo wa mwisho. Wengine siku ya pili au ya tatu huanza kuona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo huweza kuua mtu. Aliyeanguka mara moja yuko karibu zaidi kuanguka tena. Kwa hiyo ikitokea umekunywa siku kadhaa mfululizo, usijifungie kisiwani kuacha kwa ujasiri. Panda boti uende hospitali, waambie ukweli wa kiasi ulichokunywa, kuna dawa za kukuvusha siku hizo. Mwambie na msimamizi wa kambi, ili siku ukianguka wasianze kwa kutafuta mganga.

Sasa tuje kwenye deni lako, ambalo mimi na mke wako tuko upande mmoja.

Mchuuzi huyo asubuhi yuko wapi? Najua mwalo wa Kirumba. Saa moja asubuhi mtu wa dagaa yuko pale anapima, anapakia magunia, anagombana na vibarua, anatafuta lori. Asubuhi ndiyo saa aliyoshika pesa. Jioni, akiwa grosari, pesa ameshaigawa na nyingine ameinywa. Mdai mwenye akili angemvizia asubuhi, au angempigia simu, maana mji mzima tunadaiana na kulipana kwa simu siku hizi. Wewe, uliyevua na kuuza miaka yote hiyo, umeichagua jioni. Umechagua kiti kilicho kati ya kaunta na jokofu, umeagiza soda, ukakaa. Alikulipa? Hukuniandikia kwamba alikulipa.

Usinielewe vibaya, sisemi ulinidanganya. Uliliamini hilo deni kabisa, na ndivyo mtego huu unavyofanya kazi. Marlatt aliyaita maamuzi ya namna hii kuwa yanaonekana hayahusiani na pombe: kupita njia fulani, kubaki mjini baada ya kuuza, kumsindikiza rafiki "dakika mbili tu". Kila moja peke yake halina kosa, ukiyapanga unaona yanaelekea upande mmoja. Swali la kujiuliza kabla ya kuondoka ni dogo: kazi hii inaweza kufanyika mahali pengine, saa nyingine? Ikiwezekana na bado unataka pale na saa ile, hujaenda kwa ajili ya kazi.

Kuhusu mke wako. Umeandika "najua ananinusa, hataniamini tena maisha yake yote". Hapo kuna mambo mawili. La kwanza huenda ni kweli! Mimi ningekuwa yeye ningekunusa tena kwa pua mbili. Ana haki, ameuza vitenge. La pili, "maisha yake yote", umelitoa wapi? Hukumuuliza. Umeingia kichwani mwake ukasoma, kisha ukapiga ramli ya miaka thelathini ijayo, halafu ukahuzunika kwa ramli yako mwenyewe. Mwanamke aliyekata tamaa hanusi, mwanangu. Ameshahama chumba au amesharudi kwao.

Wapo watakaokwambia uwaze mazuri tu, ujisemee mbele ya kioo kwamba kila kitu kiko sawa. Siwapendi watu hao. Kichwa chako kinajua kwamba si kila kitu kiko sawa, na ukikiambia uongo kitakucheka. Kitafutie maneno ya kweli. Badala ya "hataniamini tena" andika: "Ananinusa. Ana sababu. Hajaondoka." Hayo matatu yote ni kweli na hayakupeleki baa.

Vijana wanaokuita mlokole, ni kweli wanakucheka, hapo hakuna fikra iliyopinda. Wacheke.

Lile la "yule alikuwa mtu mwingine, mimi wa sasa naweza mbili nikalala" lina ushahidi tayari, wewe mwenyewe umeuleta. Jaribio lilifanyika Magu. Ila naelewa kwa nini linarudi: kumbukumbu ya mlevi aliyeacha ina upendeleo. Inakuletea chupa ya kwanza, ya baridi, jasho linatiririka ubavuni, halafu inakata mkanda. Haikuletei asubuhi ya kuzimua. Kwa hiyo picha ikija, usiifukuze, imalizie. Kunywa ya kwanza kichwani, na ya pili, na ile ya nne. Endelea mpaka siku ya tatu, mikono haishiki shuttle ya kushonea wavu, na mama watoto anakunja kitenge anakiweka kwenye mfuko wa rambo bila kukutazama. Ukifika hapo simama. Hiyo ndiyo hadithi nzima, na wewe ndiye uliyenisimulia.

Kukemea endelea. Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa na sitamtia mchungaji wako maneno. Ila naona unakemea kisha unageuka haraka, kama anayefunga mlango bila kuangalia nani alikuwa anabisha. Baada ya "amina", jiulize: lilisema nini hasa? Saa ngapi? Nilikuwa wapi? Nilikuwa nimekula? Chukua kauntabuku, kama lile mnaloandikia ndoo na mafuta ya injini, uandike sentensi yenyewe neno kwa neno, hata kama ni ya kipuuzi. Chini yake andika kilichotangulia. Nina hakika baada ya majuma machache utaona hoja zako hazizidi tano au sita, zinabadilishana zamu tu. Wazo ulilolikuta limeandikwa kwa mwandiko wako Jumatatu, Ijumaa haliji tena likiwa na sura ya habari mpya. Na unapoandika muda unakwenda: hamu kali hupanda, hufika kileleni, hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, hata usipoipa kitu.

Tuje kwenye mbalamwezi, maana barua yako imechukua muda kunifikia na sijui mwezi umefika wapi. Unasema unastahili kujipongeza. Unastahili, sibishi. Watu wa vikundi vya walioacha pombe, vilivyoanzia Marekani mwaka 1935, wana desturi ya kujikagua mambo manne kabla ya kuiamini hamu yoyote: njaa, hasira, upweke, uchovu. Wewe mwisho wa giza una uchovu wa mifupa, upweke wa kambi, na juu yake pesa taslimu na siku tupu. Mtu yeyote angesikia anastahili kitu. Basi mipango iwekwe ungali ziwani, kabla kichwa hakijaanza kuhubiri. Mgao wako mwombe tajiri autume moja kwa moja kwenye simu ya mke wako, na mwambie sababu, atakuheshimu kuliko unavyodhani. Usibaki kambini. Rudi Igombe na boti ya kwanza, uje na nyavu zinazotaka kushonwa, ushonee nyumbani watoto wakikuona. Lala siku mbili kwanza. Kisha jipongeze kwa kitu utakachokikumbuka: nyama choma na familia, au virudishe vile vitenge.

Kama siku hizo ukiona huzuni haiondoki hata ukiwa umelala na kula vizuri, au kichwa kinaanza kukwambia bora usingekuwepo, hilo usilipeleke kwenye kauntabuku. Hospitali ya Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, nenda siku hiyohiyo, na mke wako akusindikize. Hata bila hayo, mtu wa kuongea naye ana kwa ana kila mwezi ungempata pale, au ukaulize hospitali ya Sekou Toure. Barua za shangazi hazitoshi.

Bia isiyo na kilevi kwenye sendofu: hapana, angalau mwaka huu. Chupa ni ileile, povu lilelile, harufu ileile, na baadhi yake zina kilevi kidogo ndani. Ubongo wako hausomi lebo. Tena jirani mezani hatajua tofauti, atakujazia ya kweli kwa upendo. Baba wa binti ana kazi nyingi siku hiyo, hakuna anayehesabu glasi zake. Kunywa soda au maji, fungua chupa mwenyewe, na ukiinuka kwenda kucheza ibebe, usiiache mezani.

Shangazi